Virusi: Mgeni Asiye na Jiko Lake



Akina mama wanaofuga kuku huuliza: "Kuku wakianza kusinzia tunakimbia kwa agroveti, tunanunua dawa ya unga, tunawawekea kwa maji, na bado wanakufa wote. Je, tunauziwa dawa mbovu?" Huenda dawa ni nzuri, ila imetumwa kwa adui asiyeihusu. Tuone ni kwa nini.

KIRUSI NI NINI?

Mwili wa mtu, wa kuku, hata mmea wa muhogo, umejengwa kwa chembe hai nyingi mno ziitwazo seli. Kila seli ni kama jiko: ina kuni zake, sufuria zake, wapishi wake, na maagizo ya kupika. Bakteria nayo ni seli kamili. Ni ndogo, lakini ina jiko lake. Kirusi hakina. Ni maagizo tu, yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Virusi vingine huvaa koti la mafuta juu yake. Hakili, hakipumui, na peke yake hakizai. Ni kidogo hata darubini ya kawaida ya zahanati haikioni.

KINAINGIAJE?

Mlango wa seli una kufuli, na kirusi hubeba ufunguo. Ufunguo ukikubali, seli inakipokea kama mgeni wa kawaida. Ndiyo sababu ugonjwa wa kuku wa Newcastle unaweza kumaliza kuku wa boma zima, na ng'ombe wa hapo hapo hana habari.

Seli za mmea zina ukuta mgumu. Basi kirusi cha batobato ya muhogo hungoja inzi mweupe atoboe jani, au husafiri ndani ya kile kipande cha mti ulichoomba kwa jirani ukapande.

Kikishaingia, kinavua ganda na kuwapa wapishi karatasi yake. Wapishi hawajui kukataa. Wanaacha kupika chakula cha nyumba, wanapika virusi. Kimoja kinakuwa mamia, hata maelfu, vinatoka kuingia majiko ya jirani. Jiko lililotumiwa mara nyingi hufa.

Virusi vya UKIMWI vina ujanja zaidi: huingia katika seli za askari wa mwili na kushonea maagizo yao ndani ya kitabu cha seli yenyewe. Dawa za ARV huzuia upishi, na mtu akaishi miaka mingi na nguvu zake. Akiziacha, upishi unaanza tena.

FUNZO KUTOKA MLIMA ELGON

Kwetu hapa jambo hili si hadithi ya mbali. Januari 1980, mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, aliugua ghafla na kufariki hospitalini Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, lakini akapona. Kabla ya kuugua, mhandisi huyo alikuwa ametembelea pango la Kitum, upande wa Kitale, ambamo ndovu huingia kutafuta chumvi. Mwaka 1987 kijana wa Denmark wa miaka 15, aliyekuwa ametembelea pango hilo hilo, naye alikufa.

Wote walikuwa na kirusi cha Marburg, kilichopewa jina la mji wa Ujerumani kilikogunduliwa mwaka 1967. Mwaka 2007 wanasayansi walikipata ndani ya popo mla matunda wa Kitum. Popo mwenyewe haonyeshi ugonjwa. Amezoeana na mgeni wake. Lakini ndani ya mtu, kirusi hicho huanza na seli za askari, kikaenda kwenye ini na viungo vingine, na mgonjwa anaweza kuvuja damu.

KWA NINI DAWA YA KUKU ILISHINDWA?

Dawa nyingi za agroveti, kama tetrasaiklini, huharibu jiko la bakteria. Kirusi hakina jiko la kuharibiwa; kinapikia kwako. Kwa hivyo pesa ya kikundi iende kwa kuzuia:

1. Chanja kuku wakiwa wazima. Chanjo huwaonyesha askari wa mwili sura ya adui mapema. Haiponyi aliyekwisha kuugua. Ibebwe ikiwa baridi, na irudiwe kama ofisa wa mifugo atakavyoelekeza.

2. Kuku aliyetoka sokoni akae peke yake wiki mbili.

3. Nawa kwa sabuni baada ya kushika kuku au mgonjwa. Sabuni huyeyusha lile koti la mafuta, na bila koti kirusi cha namna hiyo hakiwezi kuingia.

4. Chagua mbegu ya muhogo kutoka shina lisilo na madoa wala majani yaliyojikunja. Mmea mgonjwa ung'olewe mapema.

5. Watoto wasichezee mapangoni mwa popo, wala wasile matunda yaliyoumwa na popo.

MASWALI YA KIKUNDI

Mwaka uliopita tulitumia pesa ngapi kwa dawa za kuku waliokufa hata hivyo? Pesa hiyo ingechanja kuku wangapi? Nani kati yetu atafundishwa kuchanja, na siku gani tutaanza?