Kuupima Usharika: Tuanzie Wapi?

Kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu wa usharika, mchungaji huketi pamoja na mtunza hazina kuandaa taarifa. Mpangilio wake twaufahamu sote: idadi ya Wakristo, ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi, kisha mapato na matumizi, na mwishoni hali ya jengo. Wajumbe huuliza mengi juu ya matumizi na machache juu ya ubatizo, ndipo huombwa kupitisha mipango ya mwaka ujao. Nimeandika taarifa za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na yanipasa kukiri kwamba hakuna hata moja iliyonionyesha usharika wangu una nguvu gani.

Kanisa la Kilutheri limewahi kulikabili swali hili tangu mwanzo wake. Mwaka 1527 Mtawala Johann wa Saksonia aliagiza sharika zote za nchi yake zikaguliwe. Wakaguzi walikuwa wanatheolojia pamoja na wanasheria, nao walichunguza mapato ya sharika, mwenendo wa wachungaji na mafundisho yao. Mwaka 1528 Melanchthon aliwaandikia wakaguzi mwongozo, na mwishoni mwa mwaka huo Luther mwenyewe akazunguka vijijini. Aliyoyakuta yalimhuzunisha. Watu waliobatizwa, waliokuwa wakishiriki Meza ya Bwana, hawakuijua Sala ya Bwana, wala Imani, wala Amri Kumi. Na wachungaji wengi hawakuweza kuwafundisha.

Angalieni alivyofanya baada ya hapo. Matengenezo ya mapato na majengo aliwaachia waliohusika nayo, naye akachagua jambo moja, yaani mafundisho. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ilizaliwa na ukaguzi huo. Sehemu zake za kwanza zilichapwa katika karatasi za kubandikwa ukutani, nayo ilielekezwa kwa mwenye nyumba, ili awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye hekima ya jambo lote. Wachungaji walikuwa dhaifu na shule zilikuwa chache, lakini nyumba zilikuwapo, na katika kila nyumba palikuwa na mtu aliyesikilizwa. Luther aliutwika mzigo ule juu ya nguvu iliyokuwapo tayari.

Hapa kwetu Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Old Moshi, alitazama kwa jicho kama hilo. Aliuona ukoo, ujirani na rika kuwa vifungo ambavyo usharika ungeweza kujengwa juu yake. Amelaumiwa, na si bure, kwamba aliithamini mila kupita kiasi, na kwamba mgeni au mtu wa mjini angekosa mahali katika usharika wa namna hiyo. Hata hivyo swali lake la kwanza lilikuwa sahihi: hapa pana nini tayari? Jibu moja lilionekana mwaka 1920, wamisionari wa Leipzig walipoondolewa Kilimanjaro. Sharika hazikufa. Walimu na wazee wenyeji walifundisha, wakasali na watu, wakaendelea na kazi. Sidhani kama taarifa za miaka iliyotangulia zilikuwa zimewahesabu watu hao kuwa ndio nguvu ya kanisa.

Basi mchungaji aanzie wapi? Aanze na kitabu cha ubatizo. Achukue mwaka mmoja, kwa mfano wa miaka kumi na mitano iliyopita, aketi na wazee wa kila mtaa na kuuliza juu ya jina moja moja: yuko wapi? Wengine wamehama, wengine wamelala katika Bwana, wengine wamepata kipaimara na bado wanaonekana. Watabaki wale wanaoishi hatua mia mbili kutoka kanisani, ambao hakuna mzee anayekumbuka aliwaona lini ibadani. Kazi hii ni ya polepole na yaweza kuwaaibisha wazee na mchungaji pia. Isifanywe kwa kutafuta wa kulaumiwa.

Katika mazungumzo hayo hayo nguvu nazo hujitokeza. Itajulikana kwamba mjane fulani huwatembelea wagonjwa bila kutumwa na mtu. Itajulikana ni jumuiya ipi hukutana alfajiri hata mchungaji asipokuwapo, na ni kijana gani asiye na kazi ambaye watoto wa Shule ya Jumapili humfuata njiani. Majina haya nayo yaandikwe.

Ndipo lije suala la vipaumbele, nalo ni gumu kwa sababu fedha ni chache. Tuseme usharika una mitaa mitano, na baraza la wazee linataka kujenga mnara wa kengele, huku mwinjilisti wa mtaa wa mbali hajapata posho kwa miezi minne. Sisemi kwamba majengo hayana maana. Mvua ikinyesha, paa linalovuja ni jambo la kiroho pia. Lakini kama uchunguzi umeonyesha kwamba watoto wa mtaa ule hawafiki kipaimara, na kwamba mwinjilisti huyo ndiye pekee anayezijua nyumba zao, mnara hauna budi kungoja. Mchungaji aliseme hilo waziwazi mbele ya baraza, hata kama waliokwisha kuahidi mabati na saruji hawatapendezwa.

Tena taarifa ya namna hii isisomwe kwa mara ya kwanza katika mkutano mkuu. Isomwe kwanza mitaani, baada ya ibada, kwa sauti na bila haraka, kwa kuwa huko ndiko waliko watu wanaoweza kusimama na kusema: mchungaji, hapa mmekosea, huyo mliyemwandika amepotea alikuja kwangu wiki iliyopita kuomba nimwombee.