Ngumbaru Gerezani Ni Kinga Yetu Sote

Msomaji, ukipanda matatu Ongata Rongai kuelekea mjini kupitia Barabara ya Lang'ata, unapita karibu na Gereza la Wanawake la Lang'ata. Je, umewahi kujiuliza mfungwa asiyejua kusoma hutunzaje afya yake?

Tuchukue mfano wa kifua kikuu. Ugonjwa huu huenezwa kwa hewa, na penye msongamano huenea upesi. Tiba ya kawaida huchukua miezi 6: dawa za aina 4 kwa miezi 2 ya kwanza, kisha aina 2 kwa miezi 4 inayobaki. Mgonjwa huanza kupata nafuu baada ya wiki chache, naye hudhani amepona. Tena, dawa mojawapo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Hilo halina madhara, lakini humtisha asiyejua. Akiacha dawa katikati, viini vyaweza kuwa sugu.

Gerezani kuna wa kumkumbusha. Hatari huja anapoachiliwa kabla ya kumaliza tiba. Hata akipewa karatasi yenye jina la kliniki na tarehe ya kurudi, itamfaa nini kama hawezi kuisoma? Akirudi kukohoa, atakohoa nyumbani, sokoni na ndani ya matatu.

Wapo wanaouliza kwa nini mhalifu asomeshwe bure. Jibu ni kwamba wafungwa wengi hatimaye hurudi kwetu. Uchunguzi wa shirika la RAND nchini Marekani, uliotolewa 2013, ulionyesha kuwa waliosoma gerezani walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudia makosa, kwa asilimia 43, kuliko wenzao. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinataka elimu iwe ya lazima kwa wafungwa wasiojua kusoma.

Hapa Kenya, kampeni kubwa ya ngumbaru ilianza 1979. Wafungwa wetu hufanya mtihani wa KCSE, na wa Kamiti wamesomea sheria kupitia Chuo Kikuu cha London. Lakini safari hiyo huanza kwa a, e, i, o, u.

Una ndugu gerezani? Uliza kama kuna darasa la ngumbaru, na umhimize ajiunge. Mwandikie barua fupi, kwa herufi kubwa. Akitoka akiwa bado anatumia dawa za kifua kikuu, mpeleke kliniki mara moja. Katika hospitali za serikali dawa hizo hutolewa bila malipo.