Je, Wajua? Shule ya Kijani Huanzia Chini ya Viatu

Je, wajua kwamba paa la bati la mita za mraba 200 hapa Karavia, Lubumbashi, hupokea takriban lita 240,000 za mvua kwa mwaka? Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1, na mji wetu hupata kama milimita 1,200 kwa mwaka. Tabu ni kwamba karibu zote huanguka kati ya Novemba na mwanzo wa Aprili. Mvua moja ya milimita 50 inatosha kulijaza tangi la lita 10,000, na zitakazofuata zitaishia mtaroni. Kwa hiyo shule iliyofunga tangi moja na kupiga picha mbele yake bado haijavuna maji, imevuna picha. Ichimbe pia shimo la maji ya bustani. Na mvua ya kwanza imwagwe: inaosha vumbi na moshi wa kiangazi kizima.

Wajua Kongo ina siku ya taifa ya mti, tarehe 5 Desemba? Kwa Katanga tarehe hiyo imeangukia pazuri, udongo umekwisha kulowa. Serikali iliipa pia shule kazi katika programu ya Jardin scolaire (bustani ya shule) iliyolenga miti bilioni 1 ifikapo 2023. Siku ya kupanda, wakubwa hawakosekani. Mimi ningependa kujua nani anashika ndoo mwezi wa Agosti, mche unapoungoja mwaka wake wa pili.

Kile kichuguu kikubwa uani, mnachotaka kukisawazisha ili mpate uwanja wa mpira, je, wajua umri wake? Watafiti walipima kwa kaboni vichuguu vya mchwa Macrotermes falciger katika miombo ya Katanga, na kimoja kikaonekana kina zaidi ya miaka 2,000. Mafundi wa matofali wanaujua udongo wake, wakulima pia: una chokaa na rutuba zaidi kuliko udongo mwekundu, wenye asidi, unaokizunguka. Kiacheni. Mnaweza kupanda mboga ubavuni mwake, na mwalimu wa biolojia amepata maabara ya bure.

Vumbi ndilo jambo zito. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo vya watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto waliwazidi watu wazima. Si ajabu: mtoto hucheza chini, kisha hutia vidole mdomoni. Ua wa shule uliofagiliwa hadi ukang'aa, ule tunaousifu kwa usafi, ndio unaopeperusha vumbi zaidi. Mwagia maji kabla ya kufagia. Bora zaidi, otesha nyasi. Kule Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda cha shaba uliuacha udongo mtupu, watafiti wa chuo hicho hicho walijaribu nyasi ya kienyeji, Microchloa altera, inayostahimili shaba, wakaisaidia kwa chokaa na mboji. Maganda ya muhogo na majani makavu ya shule hufanya mboji hiyo bila gharama. Ni kuacha tu kuyachoma.

Jikoni je? Tanuru la udongo la porini huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya makala. Kila sufuria ya bukari (ugali) juu ya mbabula, jiko la makala, imekula mti mara mbili: kwanza tanuruni, kisha jikoni.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unatoka majini: mitambo ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, inazalisha tangu 1930. Lakini migodi ina kiu kubwa, na délestage, kukatwa kwa umeme kwa zamu, haiulizi ratiba ya mtihani. Shule ya wasichana ya Malaika, huko Kalebuka, inatumia jua na ina visima vyake.

Na wajua kwamba amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko na visachet vya plastiki Kongo nzima? Nenda getini saa ya mapumziko, uhesabu visachet vya maji vilivyong'atwa pembe na kutupwa. Bomba moja lenye maji safi, kila mtoto na kikombe chake chenye jina, lingemaliza nusu ya takataka hiyo kabla polisi hajaitwa.