Maji, Mvuke na Mafuta: Hatari za Jikoni

Wakati wa adhuhuri, mgahawani, mpishi hutoa vipande vya viazi katika ndoo ya maji na kuvitumbukiza katika karai la mafuta ya moto. Mara mafuta hububujika na kurusha matone. Watu husema kwamba mafuta yanachemka. Kumbe kinachochemka si mafuta, bali ni maji.

Maji huchemka katika nyuzi 100 za Sentigredi, ilhali mafuta ya kukaangia huwa na joto la nyuzi 180 hivi. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, matone yake huzama na kugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo huhitaji nafasi kubwa mara 1,600 hivi kuliko maji yaliyouzaa. Hivyo huyasukuma mafuta na kuyarusha mikononi na usoni mwa mpishi. Ndiyo sababu yafaa viazi na samaki vikaushwe kwanza, viteremshwe polepole, na karai lisijazwe kupita nusu.

Mafuta yanaposahaulika jikoni, kwanza hufuka moshi, na joto likizidi sana nyuzi 300 yaweza kuwaka yenyewe. Anayeumwagia moto huo maji huusambaza, kwani mvuke hurusha mafuta yanayowaka. Yafaa jiko lizimwe na karai lifunikwe kwa mfuniko wa bati, ili moto ukose oksijeni. Karai lisihamishwe wala kufunuliwa kabla ya kupoa.

Mvuke wenyewe nao huunguza vikali. Gramu moja ya maji ya nyuzi 100, ikipoa hadi nyuzi 37 za mwili, hutoa jouli 260 hivi. Gramu moja ya mvuke wa joto lilo hilo hutoa kwanza jouli 2,260 kwa kugeuka maji tu, kisha huongeza zile 260. Basi mpishi stadi huinua mfuniko wa sufuria kwa kuanzia upande ulio mbali naye.

Aliyeungua avuliwe pete na saa upesi, na mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na likiwa kubwa apelekwe hospitali.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Mfuniko wa bati karibu na kila karai ni kinga ya gharama ndogo.

Shuleni, wanafunzi wasijaribu kamwe kutia maji katika mafuta ya moto. Wamimine maji na mafuta baridi katika bilauri, watazame kipi kinazama, kisha waeleze kwa nini moto wa mafuta hauzimwi kwa maji.