Majedwali Yanapoungana Bila Kutumwa (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulitofautisha jedwali la matukio, linaloongezeka kila siku, na jedwali la majina, lisilobadilika mara kwa mara. Leo tutazame makosa yanayowasumbua watunza takwimu wengi: majedwali kuungana kwa njia ambayo hakuna aliyeikusudia.

Twende kwenye mgodi wa Mutoshi, Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuanzia 2018 hadi 2020, kampuni ya Chemaf, pamoja na Trafigura, shirika la Pact na ushirika wa COMIAKOL, ziliendesha mradi wa majaribio hapo: wachimbaji wadogo waliosajiliwa walifanya kazi ndani ya eneo lenye uzio. Kazi ya namna hiyo huzaa majedwali matatu: la wachimbaji, la mifuko iliyonunuliwa, na la vipimo vya kobalti na shaba. Tarakimu nitakazotumia ni za kufundishia tu. Hazikutoka katika daftari za mradi.

Kosa la kwanza huzidisha. Tuseme mifuko mitatu ina kilo 40, 60 na 50. Jumla ni 150. Ule wa kilo 60 ukapimwa maabara mara mbili kwa sababu muuzaji hakuridhika. Ukiunganisha jedwali la mifuko na la vipimo, mstari wa mfuko huo unajitokeza mara mbili, na ripoti inasoma kilo 210. Programu haikukosea kujumlisha. Ilijumlisha mistari iliyopewa.

Kosa la pili hujificha zaidi. Baadhi ya programu huunganisha zenyewe safu zenye jina moja. Ikiwa jedwali la wachimbaji lina safu iitwayo «namba», na la mifuko nalo lina «namba», mfuko wa 118 utapewa mchimbaji wa 118, hata kama hajawahi kuugusa. Ziite «namba ya mchimbaji» na «namba ya mfuko».

Kosa la tatu hupoteza badala ya kuzidisha. Mgodi wa Mutoshi zamani uliitwa Ruwe, na Kolwezi ilikuwa katika Katanga hadi jimbo la Lualaba lilipozaliwa mwaka 2015. Anayeunganisha kumbukumbu za zamani na za sasa kwa kufuata majina atadondosha miaka mizima. Kila mahali papewe namba isiyobadilika, jina libaki la kusomwa.

Dawa ni utaratibu. Kwanza, kwa kila jedwali uliza: mstari mmoja unasimamia nini? Pili, hakikisha namba ya kuunganishia hairudiwi upande mmoja angalau. Tatu, hesabu mistari na jumla ya kilo kabla ya kuunganisha na baada yake. Nne, orodhesha mistari iliyokosa mwenzake. Vipimo vikiwa vingi, amua kipi ni cha mwisho, kila mfuko ubaki na kimoja, ndipo uunganishe.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Lakini daftari lililounganishwa vibaya lina hatari yake: linatoa habari, nayo si ya kweli. Kilo 60 zilizozuka zinaweza kufunika mfuko uliotoka nje ya uzio, na jasho la mchimbaji likaandikwa kwa jina la mwingine. Hesabu ya mistari ni kazi ya dakika chache. Tumfanyie mchimbaji haki hiyo.

Wiki ijayo: tarehe ya kununua na tarehe ya kupima, na ugomvi wake ndani ya kalenda moja.