Kwenda kwa mshauri si wazimu

Mwezi huu sisi walimu tunasema jambo letu wenyewe.

Mwenzetu mmoja alikuwa hapati usingizi. Usiku moyo unapiga mbio, mikono inatoka jasho. Mlango wa jirani ukigongwa anafikiri vita imerudi. Alipimwa malaria, haikuonekana. Sisi tukamwambia tu: "Vumilia mwalimu, ni mawazo." Hapo tulikosea. Miezi ikapita, akaanza kuogopa hata kuingia darasani.

Mwishowe tulimsindikiza kwa mshauri. Aliona haya kukaa kwenye benchi, watu wasije wakasema amerukwa na akili. Lakini kule hakuchomwa sindano. Alisikilizwa, akafundishwa kuvuta pumzi polepole, na kuchagua tatizo moja dogo la kuanza nalo. Na si lazima mshauri awe daktari: mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikao vitano ambao hata msaidizi aliyefundishwa anaweza kuutumia.

Hofu haijaisha yote. Ila Jumatatu alifundisha hesabu mpaka kengele ikalia. Anayetaka kusindikizwa, awe mzazi au mwanafunzi, atuone baada ya masomo, hatutauliza sababu.