Bomba Jembamba Hula Umeme

Sehemu kubwa ya maji ya Bujumbura hutoka Ziwa Tanganyika. Hayaji yenyewe: yanavutwa ziwani, yanasafishwa, kisha yanasukumwa kuupanda mji ulioinamia ziwa, kutoka ufukweni hadi vilima vya mashariki. Umeme ukikatika, pampu zinasimama na mifereji inakauka. Kibenga, kusini mwa mji, jirani na Kinindo, iko chini kabisa, kando ya ziwa, na kwa hiyo mtu angetarajia shida ya maji isifike huko. Lakini maji yanayokuja na kukatika hulazimisha kila mwenye uwezo awe na tangi, na anayejenga ghorofa hulipandisha tangi juu na kutafuta pampu. Hapo ndipo uamuzi mkubwa hufanywa bila hesabu. Watu huchagua pampu kwa makini na bomba kwa bei, ilhali bomba ndilo litakaloamua bili ya umeme kwa miaka yote ya nyumba ile.

Maji yanayopita bombani hulipa njia nzima. Yanasuguana na ukuta wa bomba, yanavurugika yenyewe kwa yenyewe, na nguvu inayopotea hupimwa kwa mita, kana kwamba pampu imeongezewa mlima wa kupanda. Kanuni inayotumika dunia nzima ina majina ya watu wawili wa karne ya 19: Julius Weisbach, Mjerumani aliyeiandika mwaka 1845, na Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyeuletea mji wa Dijon maji ya chemchemi, kisha mwaka 1857 akachapisha majaribio yake juu ya mabomba. Inasema hivi: mita zinazopotea = f × (urefu ÷ kipenyo) × (mwendo × mwendo ÷ 19.62). Mwendo ni mita kwa sekunde, 19.62 ni mara mbili ya mvutano wa dunia, na f ni namba ndogo inayotegemea ukwaruzo wa bomba na jinsi maji yanavyovurugika. Kwa bomba laini la plastiki nyumbani, f huwa juu kidogo ya 0.02.

Uzito wa kanuni hii uko kwenye kipenyo. Ukipunguza kipenyo kwa nusu huku ukitaka maji yale yale, nafasi ya kupita inabaki robo, kwa hiyo mwendo unakuwa mara nne. Mwendo unazidishwa kwa wenyewe: mara kumi na sita. Kisha kipenyo kinagawa tena: mara thelathini na mbili. Bomba la nusu ya upana halipotezi nguvu maradufu. Hupoteza karibu mara thelathini.

Tuchukue nyumba ya kufikirika ya Kibenga. Tangi la chini linajazwa na maji ya mtaa, tangi la juu liko mita 8 kutoka usawa wa pampu, na bomba lote, pamoja na kuzunguka ukuta na kupanda, lina mita 60. Mwenye nyumba anataka lita 30 kwa dakika, yaani tangi la lita 1,000 lijae kwa muda unaozidi nusu saa kidogo. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 32 litampotezea karibu mita 1. La milimita 25, mita 3. La milimita 20, mita 9. La milimita 15, ambalo wengi huliita la nusu inchi, mita 35. Nyumba ni ile ile na maji ni yale yale, lakini kwa bomba hilo la mwisho pampu inapanda mita 43 ili kufikisha maji kwenye kimo cha mita 8.

Nguvu ya pampu nayo haina siri. Zidisha lita kwa sekunde kwa mita zote za kupanda, zidisha tena kwa 9.81, upate wati zinazoingia kwenye maji; kisha gawa kwa ufanisi wa pampu na mota yake. Pampu ndogo za nyumbani mara nyingi hazifiki nusu, basi tuseme asilimia 40. Kwa bomba la milimita 32 inahitajika pampu inayokula wati 110. Kwa la milimita 15, wati 530 hivi. Tofauti hiyo, karibu mara tano, inalipwa kila tangi linapojazwa.

Kinachowapoteza wanunuzi zaidi ni kibandiko cha pampu. Kimeandikwa namba mbili: Q max, tuseme lita 40 kwa dakika, na H max, tuseme mita 40. Msomaji huelewa kwamba pampu itatoa lita 40 kwenye kimo cha mita 40. Sivyo. Q max ni maji yanayotoka pampu isipopandisha chochote, na H max ni kimo ambacho pampu inanguruma bila kutoa hata tone. Kazi yote iko katikati. Pampu ndogo ya kawaida hushuka karibu kwa mstari ulionyooka: ikitoa lita 30 imebakiwa na mita 10 hivi. Ifungwe kwenye nyumba yetu na bomba la milimita 32, itatoa lita 31. Ifungwe na la milimita 15, itatoa lita 18. Fundi atasema pampu ni dhaifu na kushauri kubwa zaidi. Itanunuliwa, itakula umeme zaidi, na mwizi atabaki ukutani, amefunikwa kwa plasta.

Upande wa kuvuta unahitaji uangalifu wake. Pampu haivuti maji. Inaondoa hewa, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma. Kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko unaokaribia mita 780, hewa hiyo inaweza kuinua maji mita 9.4 tu, na hiyo ni kwenye karatasi. Ukitoa msuguano, kona, mvuke na mahitaji ya pampu yenyewe, mita 6 ni nyingi. Bomba la kuvuta liwe fupi, pana na lenye kona chache.

Sasa tupandishe hesabu kutoka nyumba hadi mji. Chukua bomba kuu lenye urefu wa kilomita 5 linalopitisha lita 200 kwa sekunde. Likiwa na kipenyo cha milimita 400, msuguano unakula karibu mita 27. Likiwa na milimita 500, karibu mita 9. Mita 18 za tofauti, kwa mitambo yenye ufanisi wa asilimia 70, ni kilowati 50 usiku na mchana, yaani yuniti 1,200 kila siku. Na Burundi ina jambo linalofanya hesabu hii iume zaidi: maji na umeme wa mijini viko mikononi mwa shirika moja, Regideso. Kila mita inayopotea kwenye mabomba ya maji inatolewa kwenye nyaya za shirika lile lile, katika nchi ambayo umeme hautoshi. Bomba kuukuu lenye kutu ndani linakula taa za mtu mahali fulani.

Ni kweli kwamba bomba pana ni ghali, na halipaswi kuwa pana bila kikomo. Maji yakienda polepole mno mchanga hutuama na maji huchacha. Ndiyo maana wahandisi wengi hulenga mwendo wa karibu mita 1 kwa sekunde. Ila bomba hununuliwa mara moja na umeme hununuliwa kila siku. Bei mbili hizo zijumlishwe kabla ya kwenda dukani.

Liko pia suala la afya. Presha ndani ya bomba ndiyo inayozuia uchafu wa nje usiingie. Ikishuka, kwa sababu umeme umekatika au kwa sababu jirani kadhaa wamefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kila ufa unageuka mdomo. Januari 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu Bujumbura. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia kwenye nyumba za Kibenga zilizo karibu na ufuko. Bomba lililozama kwenye maji machafu huku ndani yake hakuna presha ni hatari inayoweza kukokotolewa, hivyo inaweza kuzuiwa. Pampu ya nyumbani ivute kutoka kwenye tangi, isivute kutoka kwenye bomba la mtaa.

Kwa hiyo anayejenga na amwulize fundi maswali manne kabla ya kutaja bei: lita ngapi kwa dakika, kimo cha mita ngapi, urefu wa bomba lote, na kipenyo cha ndani. Namba hizo, pamoja na f na ufanisi wa pampu, zinatosha kupata mita zinazopotea na wati zitakazoliwa. Na wananchi wanaolipia maji na umeme wa shirika moja wana haki ya kuuliza maswali hayo hayo kuhusu kila bomba kuu linalofukiwa barabarani mwao, kwa sababu wao ndio watakaolipa msuguano wake.